Ukumbi wa Elimu: Kwa Nini Kipimo cha Mkononi Kina Siku Zake



Ndugu wasomaji, mezani petu yamekusanyika maswali matatu ambayo, ingawa yameandikwa na mikono mitatu, kwa hakika ni swali moja. Yanahusu kile kidude cha mviringo, chenye ukubwa wa sarafu, kinachobandikwa nyuma ya mkono wa mgonjwa wa kisukari kikamsomea sukari yake usiku na mchana bila ya kumtoboa kidole. Dada mmoja anauliza kwa nini kidude cha mama yake kilisema 8.1 na kipimo cha kidole kikasema 9.4 katika dakika ile ile. Mwengine anauliza kwa nini kidude kimoja kimeandikiwa siku 14 na kingine siku 10, kana kwamba ni maziwa. Wa tatu ni kijana, naye amesema waziwazi: amesikia kwamba ziko njia za kukilaghai kidude kianze kuhesabu upya baada ya siku zake kwisha, na anataka kujua kama siku hizo ni za kweli au ni hila ya wafanyabiashara.

Tutaanza na swali la kijana kwa sababu lina fedha ndani yake, kwa maana zote mbili za neno hilo. Kidude hiki, ambacho tangu sasa tutakiita kihisi, si cha bei rahisi, na nyumba yenye mgonjwa huhitaji viwili au vitatu kila mwezi. Anayetafuta njia ya kuokoa riali zake halaumiwi. Nasi ni watu wazima, tumeshaziona bidhaa ambazo tarehe zake zimewekwa kwa ajili ya mfuko wa muuzaji tu. Lakini hapa hali ni nyengine. Ndani ya kihisi mna akiba ya kitu fulani, akiba iliyo ndogo kuliko punje ya chumvi, na katika vihisi vingi akiba hiyo huliwa kila sekunde. Ikimalizika, kihisi kilicholaghaiwa hakitanyamaza. Kitaendelea kutoa namba, safi na zenye nukta zake, ila hazitakuwa tena namba za sukari ya mgonjwa.

Ili tuione akiba hiyo, yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo la kupima. Hakuna kitu kinachopimwa peke yake. Kila kipimo ni tofauti baina ya kitu tunachokitafuta na kitu kingine tulichokubaliana kuwa hakitikisiki. Aliyewahi kukaa katika vijiji vya ndani vya Oman anaujua mgao wa maji ya falaj. Maji yaligawiwa kwa wakati, na fungu moja la wakati, takriban nusu saa, huitwa athar. Mchana wakati ulisomwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uwanjani, na usiku kwa nyota. Siku hizi saa ya mkononi imeichukua kazi hiyo katika vijiji vingi, na tangu mwaka 2006 mifereji mitano ya aina hiyo, pamoja na Falaj Daris wa Nizwa, imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Sasa tufikiri. Macho yote yalikuwa yakikitazama kivuli, kwa kuwa kivuli ndicho kinachokwenda. Kijiti hakikuwa na mtazamaji. Lakini kijiti kikiinama kidogo tu, kwa upepo au kwa kugongwa na mbuzi, kivuli kitaendelea kutembea kama kawaida, kila shamba litapata maji yasiyo haki yake, na wenye mashamba watabishana juu ya kivuli.

Umeme nao una desturi hiyo hiyo. Volti si kitu kinachokaa ndani ya waya mmoja. Ni tofauti baina ya pahala pawili. Kwa hiyo chombo chochote kinachopima kemikali kwa njia ya umeme, kiwe cha kupima uchachu wa maji au sukari ya damu, lazima kiwe na ncha mbili za madini zilizochovywa katika majimaji yale yale. Ncha ya kwanza hukutana na kitu kinachotafutwa, nayo huitwa elektrodi ya kazi. Ya pili haitafuti chochote. Kazi yake ni kukaa pale pale, bila ya kupanda wala kushuka, ili ya kwanza ipimwe dhidi yake. Hiyo ndiyo elektrodi ya rejea, nacho ndicho kijiti chetu. Vitabu na matangazo huisifu ile ya kwanza, na yeyote aliyefanya kazi katika maabara atakuambia kwamba taabu nyingi hutoka kwa ile ya pili.

Kwa zaidi ya miaka mia moja madini yaliyopendwa sana kwa kazi hiyo ni fedha, fedha hii hii ya vikuku na majambia ya Mutrah. Bibi zetu wa Unguja na wa Maskat walihesabu mali kwa riale ya Maria Theresa, sarafu iliyoendelea kutengenezwa na tarehe ile ile ya 1780 na uzito ule ule wa gramu 28 na kitu, muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufariki. Watu waliiamini kwa kuwa haikubadilika. Lakini fedha tupu, ikichovywa katika maji, haitulii. Hutulizwa kwa kuvishwa tabaka jembamba la kloridi ya fedha, ambayo ni fedha iliyoungana na klorini, kisha ikawekwa katika maji ya chumvi yenye kloridi kwa kiasi kisichobadilika. Hapo baina ya fedha, tabaka lake na chumvi hutokea mapatano: kiwango cha umeme husimama mahali pamoja, na wataalamu hukijua hadi sehemu ya elfu ya volti.

Mapatano hayo yana masharti matatu. Fedha iwepo, tabaka liwepo, na chumvi isipungue wala isizidi. Chumvi ikipungua mara kumi, kiwango huhama kwa milivolti 59 katika joto la nyuzi 25. Hesabu hii ni ya Mjerumani Walther Nernst, aliyeitoa mwaka 1889 na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Milivolti 59 ni kidogo, kwa maana betri ya tochi ina milivolti 1,500. Lakini katika kupima uchachu, yaani pH, milivolti 59 ni hatua nzima moja, umbali kama wa kutoka pH 7 hadi pH 6.

Katika maabara za skuli tulizofundisha, elektrodi ya rejea ilikuwa bomba la kioo lenye urefu wa kalamu, limejazwa maji yaliyokolea chumvi ya potasiamu, na chini yake lina kizibo chenye vitundu visivyoonekana. Chumvi huvuja hapo polepole sana. Bomba likipungukiwa, mwalimu hufungua tundu la juu akaongeza kwa kitone, na kazi ikaendelea. Mitambo inayoigeuza bahari kuwa maji ya kunywa hutumia ndugu wa bomba hilo, wakubwa na wagumu zaidi, na fundi huvipitia vipimo vyake mara kwa mara kwa maji yenye pH inayojulikana. Kwa ukubwa huo hakuna fumbo.

Fumbo huanza pale mtu anapotaka kulifanya bomba liwe dogo kama ncha ya sindano. Wengi hudhani kwamba kitu kikifanywa kidogo mara kumi, kila jambo lake hupungua mara kumi. La hasha. Punguza urefu, upana na kimo mara kumi, na chumvi iliyomo ndani itakuwa imepungua mara 1,000, ilhali mlango wa kuvujia umepungua mara 100 tu, na njia ya kutokea nayo imekuwa fupi. Chumvi iliyoyeyuka huchukua saa kadhaa kusambaa kwa umbali wa sentimita moja ndani ya maji yaliyotulia. Milimita moja huimaliza kwa dakika chache. Sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde chache. Ghala la mwaka mzima, likipunguzwa kufikia ukubwa wa sindano, huwa ghala la siku moja au chini ya hapo.

Na tabaka la kloridi ya fedha lina adui mwengine, naye ni yule yule rafiki yake. Katika maji matupu kloridi ya fedha huyeyuka kwa shida sana, miligramu mbili hivi katika lita nzima. Lakini katika maji yaliyokolea chumvi huyeyuka zaidi. Katika bomba kubwa jambo hili halisumbui, kwa kuwa tabaka ni nene na maji yameshashibishwa kabla. Katika kihisi kidogo tabaka ni jembamba mno, kwa hiyo chumvi kali inayowekwa ili kulituliza ndiyo inayolila. Ukitia chumvi ndogo, kiwango kinayumba. Ukitia nyingi, tabaka linakwisha.

Katika mwaka wa 1970 Mholanzi Piet Bergveld alitoa habari za kihisi cha pH kilichojengwa juu ya kipande kidogo cha silikoni, kwa ufundi ule ule unaotumika kutengeneza vipande vya kompyuta. Matumaini yalikuwa makubwa: kipimo cha uchachu kinachoweza kuingia katika mshipa wa damu. Elektrodi ya kazi ilikuwa imeshakuwa ndogo kuliko punje ya mchele, lakini pembeni yake bado palihitajika elektrodi ya rejea, na hiyo haikukubali kupungua kwa urahisi. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado watafiti wanaishughulikia. Wengine wameyageuza maji ya chumvi kuwa utomvu mzito kama halua ili yasivuje haraka. Wengine wameifungia chumvi ndani ya plastiki. Wengine hutumia chumvi za ajabu ambazo ni majimaji hata bila ya maji. Kila njia imeongeza siku, na mpaka sasa haijapatikana hata moja iliyoupa udogo utulivu wa lile bomba la skuli.

Waliotengeneza kihisi cha sukari walipita njia nyengine, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu ya busara zaidi katika habari hii. Waliacha kubeba chumvi. Mwili wa binadamu una chumvi yake, na Mwenyezi Mungu ameuwekea mafigo ya kuilinda. Kloridi katika damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa baina ya milimoli 98 na 106 hivi kwa lita, na majimaji yaliyo chini ya ngozi hayatofautiani nayo sana. Hata kloridi ikipanda kutoka 100 hadi 110, hesabu ya Nernst inatoa mabadiliko yasiyofika milivolti 3. Basi uzi wa kihisi huingizwa chini ya ngozi, fedha yake ikaoga moja kwa moja katika chumvi ya mgonjwa mwenyewe, na ghala la chumvi halihitajiki. Wanasayansi wa bahari wamefanya vivyo hivyo: maboya yanayozama hadi mita 2,000 kupima uchachu wa bahari kuu hutumia fedha iliyo wazi kwa maji ya bahari, kwa kuwa chumvi ya bahari kuu nayo haibadiliki sana.

Hivyo sharti la chumvi limetimizwa bila ya gharama. Limebaki sharti la tabaka, na hapa ndipo tunapofika kwenye siku 14.

Namna sukari inavyopimwa ni hivi. Juu ya elektrodi ya kazi mmepakwa kimeng'enya kinachoijua glukosi peke yake. Kila glukosi inapokutana nacho, elektroni hutoka na kupita kama mkondo mdogo wa umeme. Sukari ikiwa nyingi, mkondo huwa mkubwa. Asili ya fikra hii ni Mmarekani Leland Clark, aliyeitangaza pamoja na mwenzake mwaka 1962. Mita ya nyumbani inayofanya kazi kwa umeme ilianza kuuzwa mwaka 1987, na kihisi cha kwanza cha kukaa mwilini kiliruhusiwa Marekani mwaka 1999. Lakini mkondo ukitoka lazima urudi. Katika vihisi vyenye elektrodi mbili tu, hurudi kupitia ile elektrodi ya rejea, na kila elektroni inayorudi hubadilisha chembe moja ya kloridi ya fedha ikawa fedha tupu. Yaani tabaka huliwa na kazi ile ile ya kupima.

Tupige hesabu, na mwanafunzi wa sekondari aweza kutuhakiki. Tuchukue kwa mfano mkondo wa nanoampea 10, yaani sehemu 10 katika bilioni moja ya ampea. Siku 14 zina sekunde 1,209,600. Zidisha, utapata kulombu 0.0121. Gawa kwa namba ya Faraday, 96,485, kisha zidisha kwa 143.3 ambao ni uzito wa moli moja ya kloridi ya fedha. Jibu ni takriban miligramu 0.018. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito mara kadhaa ya huo. Mtengenezaji huweka zaidi ya hapo kwa tahadhari, lakini uzi ni mwembamba na hauwezi kubeba tabaka lisilo na mwisho. Na mgonjwa ambaye sukari yake iko juu kila siku humaliza akiba haraka zaidi kuliko mwenye sukari iliyotulia, kwa sababu mkondo wake ni mkubwa.

Vihisi vingine vina elektrodi ya tatu, ambayo hubeba mkondo unaorudi ili ya rejea iachiwe kazi yake ya kukaa kimya. Wazee wenye maduka walilijua jambo hili bila ya kemia: jiwe la mizani halitumiki kupondea karafuu. Lakini elektrodi ya tatu huongeza ukubwa na bei, na watengenezaji si wote wanaokubali. Hii ni sababu moja ya vihisi kutofautiana siku zao. Hatusemi kuwa ni sababu pekee. Kimeng'enya nacho huchoka, gundi huachia, betri hupungua, na mwili huanza kuujengea ukuta ule uzi kama unavyofanya kwa mwiba. Ni nini kitakachotangulia kuharibika, hilo mtengenezaji haliandiki juu ya kisanduku, nasi tungependa aliandike.

Je, tabaka likimalizika, mgonjwa ataona nini? Kijiti kitakuwa kimeinama. Elektrodi ya rejea hushuka chini ya kiwango chake, nayo huivuta elektrodi ya kazi pamoja nayo, mkondo hupungua, na kihisi husoma chini ya ukweli. Mzee ana 15, kioo kinasema 9, na nyumba nzima inamshukuru Mungu kwa mlo mzuri wa jana. Kuhama kwa upande wa pili kuna hatari nyengine. Baadhi ya vihisi hufanya kazi kwa msukumo wa karibu volti 0.6, na katika msukumo huo vitu vingine navyo hutoa elektroni. Parasetamoli, hii tunayoijua sote kwa jina la Panadol, ni kimoja katika hivyo. Katika vihisi vya zamani iliweza kuonyesha sukari iliyo juu ambayo mwilini haikuwemo. Vya siku hizi vina utando wa kuizuia, ingawa si vyote vilivyo sawa, na karatasi ya maelezo hutaja dawa zinazokivuruga kila kimoja. Karatasi hiyo isitupwe pamoja na kisanduku.

Tumeulizwa kama hospitali nazo zina udhaifu huu. Zinao, na huko hatari ni kubwa zaidi. Uchachu wa damu ya mtu mwenye afya hukaa baina ya pH 7.35 na 7.45. Katika joto la mwili, upana huo wote ni sawa na milivolti 6. Elektrodi ya rejea ikihama kwa milivolti 6 tu, mzima ataandikwa mgonjwa na mgonjwa ataandikwa mzima. Ufumbuzi mmoja uliopatikana kwa vipimo vya kitandani unatupendeza kwa unyenyekevu wake. Katika miaka ya 1990 zilianza kuenea kadi ndogo za plastiki za kutumia mara moja. Ndani ya kadi mna kifuko cha maji ambayo viwango vyake vinajulikana. Mashine huyapima kwanza maji hayo, kisha damu, kisha kadi hutupwa. Elektrodi ndogo haikuombwa iwe imara kwa mwezi. Imeombwa itulie kwa dakika chache tu, na hilo inaliweza.

Sasa turudi kwa dada mwenye 8.1 na 9.4. Dada, usiwe na wasiwasi juu ya tofauti hiyo. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 kwa mita za vidole yenyewe inaruhusu kupotoka hadi asilimia 15 sukari inapokuwa 5.6 au zaidi, na tofauti yako haikufika hapo. Tena vyombo viwili hivyo havipimi kitu kimoja. Kimoja kinapima damu, kingine kinapima majimaji ya chini ya ngozi, ambayo huifuata damu kwa kuchelewa dakika 5 hadi 15. Baada ya chakula, sukari inapopanda, ni kawaida kihisi kiwe nyuma. Mama akiulalia mkono wenye kihisi, nacho husoma chini usiku kucha kwa kubanwa. Na kidole nacho husingizia: aliyetoka kushika tende au halua akajitoboa bila ya kunawa, mita itaihesabu na sukari ya halua. Jambo la kukushughulisha si tofauti ya siku moja bali tofauti inayokua. Ikiwa siku ya tatu pengo lilikuwa moja, siku ya saba mbili na siku ya kumi nne, tena asubuhi kabla ya kula ambapo sukari imetulia, basi amini kidole na ubadilishe kihisi.

Mwezi wa Ramadhani hufanya mambo haya yawe mazito, na katika mji huu si ya watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 ulikuta takriban watu wazima 10 katika kila 100 wa Oman wana kisukari, na ule wa mwaka 2000 ulikuta 11.6. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari juu ya funga, wa mwaka 2021, unamtaka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9, au 70 kwa wanaotumia hesabu ya miligramu, na vile vile ikipita 16.7, yaani 300. Mwongozo huo unasisitiza pia kwamba kujitoboa kidole hakuharibu saumu. Tazameni uzito uliowekwa juu ya namba moja: mzee atafungua au hatafungua kwa kauli ya uzi wa fedha uliojificha chini ya ngozi yake. Kihisi kilichopitishwa siku zake kinaweza kusema 3.5 kwa mtu aliye salama, akala siku asiyolazimika kula. Nacho kinaweza kusema 12 kwa mtu ambaye alipaswa kuwa njiani kwenda hospitali. Kwa hiyo kijana wetu tunamjibu hivi: kama riali ni chache, ni bora kuvaa kihisi wiki mbili za mwezi na kutumia kidole wiki mbili nyengine, baada ya kushauriana na daktari, kuliko kuvaa kihisi kimoja mwezi mzima. Kidole kinauma, lakini kila kijiti cha kupimia ni kipya. Na mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akichanganyikiwa, apimwe kidole hapo hapo, hata kama kihisi kinasema yu salama.

Neno moja juu ya mizigo tunayowapelekea ndugu zetu Unguja na Pemba. Vijiti vya mita huwa vimeandikiwa joto lisilozidi nyuzi 30, au kiasi hicho. Gari lililofungwa katika jua la Maskat la mwezi wa Juni huweza kupita nyuzi 60 ndani yake. Joto hilo huanza kukiharibu kimeng'enya, na unyevu wa pwani, kopo likiachwa wazi, hufanya lililobaki. Kijiti kilichoungua hakibadiliki rangi. Bibi yako kule Wete atakitumia na atapata namba. Basi mzigo wa vijiti usilale ndani ya gari wala juu ya dari. Upelekwe siku ya safari, katika mfuko wa mkononi na si katika shehena, kopo likiwa limefungwa kama lilivyotoka dukani. Vilivyopita tarehe msivitume kabisa. Na pamoja na vijiti ipelekwe chupa ndogo ya maji ya majaribio ya mita ile ile, yenye kiwango cha sukari kinachojulikana, ili mjukuu aliye pale aweze kuijaribu mita kila anapofungua kopo jipya. Chupa hiyo nayo, ikishafunguliwa, ina muda wake, kwa kawaida miezi mitatu. Tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake kwa kalamu.

Swali la nne, kuhusu maji ya bomba yanayoacha ukoko mweupe katika birika, tumeliweka kwa ajili ya mwezi ujao, inshallah. Mwenye jengine alitie katika bahasha amkabidhi yule anayewaletea nakala hizi.